Panya wa Kaloleni

Jumatatu, 8 Machi 1999

Leo nimemsikia mke wangu redioni.

Nilikuwa dukani kwa Mama Princess, nimekwenda kununua mafuta ya taa. Redio yake iko juu ya rafu, kati ya sabuni na majani ya chai. Mtangazaji alipiga makelele kidogo kama wanavyofanya siku hizi, kinanda cha Dismasi kikaanza, kisha nikajisikia mwenyewe nikinguruma: "Toka shimoni, tuzungumze kiungwana." Na Tabea akanijibu kwa ile sauti yake nyembamba ya puani: "Uungwana wako umekwama kwenye meno."

Mama Princess alicheka mpaka akamwaga mafuta pembeni ya chupa. "Huyu panya ana mdomo," alisema. Hakujua ni nani. Amehamia mtaani baada ya Krismasi, na mimi ananijua kama mwenye banda la video tu. Nilichukua chupa yangu nikaondoka kabla wimbo haujaisha. Njiani nikanunua daftari. Zamani nikifunga banda nilikuwa na mtu wa kumweleza siku ilivyokwenda. Nimeona afadhali karatasi kuliko ukuta.

Niandike basi tangu mwanzo, ingawa atakayesoma ni mimi. Banda letu liko hapa Kaloleni, chumba kimoja kirefu chenye mabenchi, televisheni na deki. Mchana ni katuni, jioni ni filamu za ngumi. Ile katuni ya paka na panya haina maneno, ni mbio na vishindo tu, na watoto walikuwa wanaanza kuchoka nayo. Siku moja Tabea, akiwa mlangoni anapokea viingilio, akamsemea panya. Mimi nikamjibia paka. Watoto walianguka chini ya mabenchi kwa kucheka. Tangu hapo ikawa kazi yetu, yeye panya, mimi paka, na watoto wakawa wanatembea kutoka Ngarenaro na Unga Limited kuja kutusikia sisi, siyo kuangalia katuni.

Dismasi, ambaye anarekodi kwaya chumbani kwake, akatuambia tufanye wimbo. Tuliurekodi mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja Tabea alishikwa na malaria, ikampanda kichwani, na kabla wiki haijaisha tulikuwa kwao, Nkoaranga, tunamzika. Kwetu Marangu ndugu zangu walinuna, wakasema mke huzikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo wa mumewe. Lakini mama yake aliniomba alale karibu naye, na sikuona jinsi ya kumnyima. Sasa kwetu hawaniandikii.

Hatukujaliwa mtoto. Basi ndiyo habari yote.

Alhamisi, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Banda linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 13 Machi

Redio mpya ya mjini imeupiga wimbo mara tatu leo. Mtangazaji anaitwa Derick. Saa nane watoto walijaa mlangoni kuliko siku zote. Niliweka kanda ya katuni, nikakaa kimya kama ninavyofanya tangu Novemba. Baada ya muda, mtoto mmoja akageuka akauliza, "Mbona hamsemi? Wimbo si wenu?" Nikamsemea paka kidogo. Zamu ya panya ilipofika hapakuwa na kitu, mbio tu na vishindo. Watoto walinisubiri. Kisha wao wenyewe wakaanza kuimba maneno ya Tabea, wote, kwa puani, kama alivyokuwa akifanya.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua mpaka kanda ilipoisha.

Jumanne, 16 Machi

Mvua. Umeme hakuna.

Jumapili, 21 Machi

Nimepanda Nkoaranga. Njia ya kutoka barabarani imekuwa utelezi mtupu, nimefika nimechafuka mpaka magotini. Kaburi liko chini ya migomba, pembeni ya mibuni. Udongo umeshuka kwa mvua, nikatafuta jembe nikaongeza. Nilipomaliza, mama mkwe alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ananiangalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Aliniletea loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kwenye bakuli, yeye akakaa mbali, kwenye ngazi ya baraza. Ni mwanamke mfupi, mzee wa kanisa, na maneno yake ni machache. Aliniacha nile mpaka nusu.

"Juzi nilikwenda dukani kuchukua chumvi," alisema. "Nikamsikia mwanangu."

Niliweka kijiko chini.

"Anaongea kama panya, na watu wanacheka. Mtu aliyekufa haongei, baba. Na akiongea, watu hawacheki."

"Ni wimbo tulioufanya kabla, mama."

"Najua ni nini. Huyu aliongoza sauti ya kwanza kanisani tangu yuko shule ya msingi. Ukamtoa kwenye kwaya, ukampa panya." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Zima huo wimbo."

"Sina uwezo wa kuuzima."

"Ulikuwa na uwezo wa kuuwasha."

Ni kweli Tabea aliacha kwaya, kwa sababu mazoezi yalikuwa Jumamosi mchana na Jumamosi mchana banda linajaa. Mimi sikumwambia aache. Lakini sikumwambia asiache.

Rachel, mdogo wake Tabea, alikuwa ndani anakunja nguo. Hakutoka kunisalimia mpaka nilipoaga. Huyu binti siku zote namwona kama kivuli, anapita pembeni ya watu.

Jumatano, 24 Machi

Nimekwenda redioni. Nilidhani Derick ni mtu mzima, kumbe ni kijana wa kofia ya kugeuza nyuma. Alinipokea kwa furaha.

"Mzee, huo wimbo ni bomba. Simu haziishi hapa. Na panya mwenyewe yuko wapi? Nataka niwahoji wote wawili."

"Panya ni mke wangu. Amefariki."

Alivua kofia. Sikutegemea. "Pole sana, mzee wangu. Hakuna aliyeniambia."

"Mama yake anaomba msiupige."

Aliizungusha kofia mkononi. "Mimi naweza kuacha," alisema. "Lakini nikiacha mimi, mwenzangu wa jioni ataupiga. Na hata sote tukiacha, kanda zimeshazagaa mtaani. Nenda Kwa Mrombo uone."

Nilikwenda. Sokoni Kwa Mrombo nilikuta kanda zimepangwa juu ya turubai, kati ya viatu vya mitumba na nyanya, na karatasi yenye paka aliyechorwa amevaa miwani. Jina letu halipo. Muuzaji aliniwekea nisikilize. Ni nakala ya nakala, imekimbia kidogo, na Tabea anasikika kama mtoto mdogo. Nilimuuliza ameipata wapi.

"Inatoka Nairobi, mzee. Hiyo ni orijino."

Ijumaa, 26 Machi

Derick ametimiza. Jana hakuupiga, leo hakuupiga. Mwenzake naye kanyamaza.

Leo jioni nilijikuta nimeweka redio karibu na sikio, nasubiri. Nilisubiri mpaka taarifa ya habari. Siandiki hili kwa kujivunia. Mama mkwe anataka kimya, na mimi nilikwenda kuomba kimya kwa niaba yake, na walipokubali nilikaa kitandani nikaona chumba kimekuwa kikubwa mno.

Jumamosi, 27 Machi

Wameurudisha. Mwenzake wa jioni. Nilikaa nikausikiliza wote.

Jumapili, 4 Aprili. Pasaka

Kanisani asubuhi. Kwaya iliimba vizuri. Mchungaji alinishika mkono mlangoni akasema tuonane, kisha akashikwa na watu wengine. Mchana nilipika wali, nikapika kama wa watu wawili kwa mazoea, nikala mara mbili. Nje mvua haikukatika. Kila nyumba ilikuwa na wageni na redio, na wimbo ulitokea huku ukaingia kule, nikisikia mstari wa paka kwa jirani wa kushoto na jibu la panya kwa jirani wa kulia.

Hakuna aliyebisha hodi.

Alhamisi, 8 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 9 Aprili

Mvua. Tope limeingia mpaka benchi la mbele.

Jumanne, 13 Aprili

Ukuta wa nyuma wa banda umeanguka.

Ilikuwa asubuhi, nimeamka tu. Nilisikia kishindo nikadhani ni gari. Nilipofika nilikuta matofali ya udongo yameyeyuka kama sukari, paa limelala upande mmoja, na televisheni imesimama katikati ya mvua imefunikwa na nailoni, kama mtu aliyekaa kituoni. Majirani walitoka wakasema pole, wakarudi ndani, kila mtu na tope lake. Nilibeba deki, nikabeba televisheni, nikabeba kanda moja moja kupeleka chumbani. Mabenchi niliyashindwa.

Nikiwa nimeinama nikasikia mtu ananyanyua upande wa pili wa benchi. Alikuwa Dismasi.

Niseme ukweli, tangu msiba nilikuwa namkwepa Dismasi. Niliamini ndiye aliyepeleka wimbo redioni ili apate jina, kabla hata mwaka haujaisha. Na ndiye aliyeupeleka, hakukataa. Lakini leo alifanya kazi na mimi mpaka alasiri, tukakita nguzo, tukaliinua paa. Shati lake jeupe la kwenda mjini likawa rangi ya udongo. Tulipomaliza tulikaa juu ya ndoo, tukanywa chai.

"Reji, niliupeleka kwa sababu nilikuwa peke yangu na ile kanda," alisema. "Nimerekodi kwaya ngapi sijui. Hakuna aliyenichekesha kwenye maiki kama yule mwanamke. Nikaona siwezi kukaa nayo kabatini."

Kisha akatoa lililomleta. Kampuni moja ya sabuni inafanya sherehe ya watoto uwanjani mwishoni mwa mwezi wa tano. Wanataka wimbo, na wanataka paka na panya wazima, siyo kanda.

"Panya yuko Nkoaranga chini ya migomba," nikamwambia.

"Najua alipo. Nilibeba jeneza."

Akauliza kama atafute mtu wa kushika sauti ya Tabea.

"Ukitafuta panya, tafuta na paka."

Alimaliza chai yake, akaniambia kesho atakuja na udongo wa ukuta. Hakusema tena habari ya sherehe.

Jumatatu, 19 Aprili

Dismasi amekuja tena. Tumesimamisha fito. Hatukuzungumza mengi.

Jumamosi, 24 Aprili

Rachel amekuja. Ni mara ya kwanza kufika hapa tangu msiba, na mara ya kwanza maishani kufika bila dada yake. Alikuwa na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Akasimama mlangoni pa banda lisilo na ukuta.

"Shikamoo, shemeji. Dismasi ameniambia habari ya sherehe."

"Dismasi ana mdomo mrefu."

"Nataka kuimba."

Nilikuwa nakanda udongo kwa miguu. Niliendelea kukanda. "Mama anajua?"

"Mama hajui hata kama nimekuja mjini. Anadhani niko kwenye mkutano wa walimu." Rachel anafundisha chekechea ya kanisa kule juu.

"Kwa hiyo unataka nafasi ya dada yako."

Nililisema vibaya, na nilijua nalisema vibaya. Nilidhani atalia aondoke, jambo liishe. Hakulia. Alifunga mwavuli akaingia ndani, akasimama mbele yangu.

"Nafasi yake naijua, shemeji. Nimesimama nyuma yake tangu nazaliwa. Kwenye kwaya nilisimama nyuma yake. Kwenye picha nimesimama nyuma yake. Sijaja kuichukua." Alipumua. "Tangu tumzike, nyumbani hakuna anayetaja jina lake. Mama amefungia picha sandukuni. Nikitaja, anatoka anaenda kwenye migomba. Mahali pekee ninapomsikia Tabea ni kwa watoto wangu wa chekechea wakati wa uji. Wanaimba maneno yake na hawajui ni ya nani. Mimi nikiimba, hata mara moja, nitakuwa nimemtaja."

Sikujua kwamba huyu binti ana maneno. Miaka yote niliyooa kwao sikuwahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo.

Nilimwambia nitafikiri. Nikamsindikiza mpaka stendi chini ya ule mwavuli mbovu, na watu wa mtaa walituangalia. Najua wanavyofikiri. Mgane na shemeji yake, mwavuli mmoja. Waangalie.

Jumamosi, 1 Mei

Mazoezi chumbani kwa Dismasi. Yamekwenda vibaya.

Rachel ana sauti nzuri kuliko ya Tabea. Ndiyo shida yenyewe. Ni safi, inaingia kwa wakati, haina ile pua. Tabea alikuwa akichelewa kidogo kila mstari, ananiacha ninaning'inia, halafu anajibu, na hapo ndipo watu walipokuwa wakicheka. Rachel anajibu pale anapotakiwa kujibu. Nikamsimamisha. "Si hivyo." Akarudia. "Si hivyo." Akarudia tena. Mara ya mwisho nilipiga meza.

Alivaa koti lake taratibu, akafunga kila kifungo, akaaga, akatoka.

Dismasi alizima kinanda. "Reji," alisema, "yule hajakosea kitu. Kosa lake ni moja tu, kwamba si Tabea. Na hilo hata ukimfokea mpaka Krismasi hatalirekebisha."

Jumatano, 5 Mei

Nimepanda mpaka chekechea kumwomba Rachel msamaha. Nilifika wakati wa uji. Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo cha watoto, vikombe vimemzunguka. Nilimwambia nilikosa. Akasema amesikia. Watoto walinitambua kwa sauti, wakaanza kunong'ona, "Paka. Ni paka."

"Utaimba kwa sauti yako," nilimwambia. "Sitakusahihisha tena."

"Na mama?"

"Mama nitamwambia mimi."

Jumapili, 9 Mei

Nilikusudia kupanda. Mvua. Sikupanda. Mvua haikuwa kubwa kiasi hicho.

Jumapili, 16 Mei

Nimemwambia.

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo barazani. Nilimweleza yote bila kuzunguka, sherehe, uwanja, Rachel. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Mlimchukua mmoja," alisema. "Sasa mnataka wa pili."

"Mama, Rachel ni shemeji yangu na atabaki shemeji yangu. Maneno ya watu..."

"Sizungumzii ndoa. Ningekuwa naogopa ndoa ningekufukuza siku nyingi." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Nazungumzia sauti. Nina sauti moja imebaki ndani ya nyumba hii. Asubuhi inaniambia shikamoo. Mkiipeleka huko uwanjani nayo ikawa ya kila mtu, ya dukani, ya sokoni, mimi nitabaki na nini?"

Rachel alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. "Mama, mimi nitarudi jioni ileile," alisema.

"Dada yako pia alisema atarudi."

Akanyanyua ungo akaingia ndani. Hakukataza. Hakuruhusu. Leo hakuniuliza kama nimekula.

Nilizoea kumwona mama mkwe kama mtu mgumu anayeona aibu kwa ajili ya kanisa. Nikishuka ule utelezi nimefikiri kwamba nilikosea tangu mwanzo. Haoni aibu. Amenyang'anywa. Sauti aliyoizaa inauzwa juu ya turubai, na yeye akitaka kuisikia itabidi asimame dukani na watu wanaocheka.

Jumatatu, 24 Mei

Ukuta umekauka. Mvua zimepungua, ni manyunyu tu. Mazoezi mazuri. Rachel amebuni jibu lake mwenyewe kwenye ubeti wa tatu. Dismasi alicheka. Mimi nilitabasamu, nikashangaa uso wangu bado unajua njia.

Jumamosi, 29 Mei

Sherehe imefanyika.

Uwanja ulijaa watoto kila upande, wengine na sare za shule, wengine miguu mitupu, majani yamelowa. Walijenga jukwaa la mbao lenye mabango ya sabuni. Derick ndiye aliyekuwa anatangaza, na redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Walinivika masikio ya kadibodi na ndevu za waya. Rachel alikuwa na mkia wa kamba. Mikono aliificha ndani ya kitenge.

"Shemeji," alisema kabla hatujapanda, "nikisahau?"

"Ukisahau watakukumbusha. Wanaujua kuliko sisi."

Derick alitutaja, "Paka na Panya wa Kaloleni", kelele ikapanda mpaka sikukisikia kinanda. Nikaanza. "Toka shimoni, tuzungumze kiungwana." Rachel akanijibu, safi, kwa wakati wake, bila pua. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikasema, "Nimeacha nyama, siku hizi nala mchicha." Akanijibu, "Basi pangusa ndevu, zina damu ya binamu." Wakacheka vilevile, palepale walipokuwa wakicheka siku zote. Akaimba ubeti wa tatu na jibu lake jipya, na hilo nalo wakalipokea, wakaliimba nyuma yake kama walizaliwa nalo.

Alikuwa vizuri. Niandike hivyo, anastahili. Alisimama mbele, si nyuma ya mtu, na kabla ya kushuka alichukua maiki akasema, "Wimbo huu ni wa dada yangu Tabea." Sidhani kama walisikia. Walikuwa bado wanapiga makofi.

Mimi nilikuwa nawatazama. Niliangalia nyuso zile zote, mstari kwa mstari, nikitafuta hata mmoja atakayekunja uso, atakayemgeukia mwenzake aseme, mbona siye? Sauti waliyoisikia kila siku masika nzima, asubuhi na jioni, imebadilika, na hakuna aliyegundua. Mama mmoja alinishika mkono nikiwa nashuka. "Mkeo ana kipaji kweli," alisema. Nikamjibu asante.

Dismasi alimsindikiza Rachel hadi stendi. Mimi nilitembea kurudi nyumbani na ndevu za waya mfukoni. Kwa muda wote huu nilidhani Tabea amebaki kwenye ule wimbo. Leo nimeuona wimbo ukimwacha, ukaenda zake na watoto, mzima, haukosi kitu.

Nimelia leo. Siku ya maziko sikulia hivi.

Jumapili, 30 Mei

Sikwenda kanisani. Sikupanda Nkoaranga. Nimelala.

Jumatatu, 31 Mei

Baridi. Ukungu.

Alhamisi, 3 Juni

Mama mkwe amekuja Kaloleni.

Ilikuwa mchana, ukungu wa mlimani umeshuka hadi mjini, nami nilikuwa napaka chokaa ukuta mpya. Nikasikia hodi. Alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe juu ya kitenge, na viatu vya kanisani vimejaa tope. Katika miaka yote tuliyoishi hapa hajawahi kukanyaga mtaa huu.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba." Alichungulia. "Ni humu?"

"Ni humu."

Aliingia akapita mabenchi yote mpaka la mbele kabisa, la watoto wadogo, akakaa. Magoti yakamjia juu. Nilinawa chokaa, nikakaa benchi la pili.

"Jumamosi nilikwenda kwa jirani," alisema bila kunigeukia. "Redio yao ilikuwa inaleta habari za uwanjani. Nilisingizia nimekuja kuomba moto. Nikakaa mpaka mwisho."

Nilisubiri aniambie lililomleta. Niliamini amekuja kunitoa kwenye ukoo.

"Yule hakuwa Tabea."

"Hakuwa, mama."

"Jirani ananiambia, msikie mwanao marehemu. Nikamwambia huyo ni Rachel. Akanibishia. Mimi nabishiwa sauti za wanangu." Alitikisa kichwa. "Kule uwanjani walijua?"

"Hakuna aliyejua."

"Hata mmoja?"

"Niliwaangalia wote. Hata mmoja."

Mikono yake ilikuwa ndani ya mikono mirefu ya lile koti.

"Basi tuko wawili," alisema. "Na Rachel."

"Na Rachel."

"Amerudi jioni ileile, kama alivyosema. Ameimba nyumbani wiki nzima, akiosha vyombo. Sijamkataza." Kisha akaielekeza televisheni kwa kidevu. "Nionyeshe hao wanyama."

Niliweka kanda. Aliangalia kama anavyoangalia mhubiri, mgongo umenyooka. Paka alikuwa amejibanza mlango wa shimo ameshika fagio, na panya anachungulia.

"Mbona hawasemi?"

"Hawana maneno, mama. Maneno tulikuwa tunayaweka sisi."

"Yaweke."

Tangu Machi sikuwa nimemsemea paka humu ndani. Nilikohoa. Nikasema kwa sauti ya paka, "Toka mpendwa, nisikufiche, nimeokoka." Kisha panya akafungua mdomo pale kwenye kioo, na chumba kikawa kimya.

"Na yeye?"

"Panya alikuwa Tabea."

"Najua. Alisema nini hapo?"

Watu wengi wamenipa pole mwaka huu, na hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamwambia. Hapo alikuwa anasema, "Kama umeokoka, hilo fagio ni la sadaka?" Nililisema kwa sauti yangu ya kawaida, bila pua, bila kuchekesha. Mama mkwe hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kitu na kukiweka.

Panya akapita juu ya meza. "Na hapo?" Nikamwambia. Panya akaangusha sahani. "Na hapo?" Nikamwambia.

Kisha ikafika pale ambapo panya amepanda juu ya kabati, ameshika kiuno, anamtazama paka chini akihema. Nikafungua mdomo nikakosa. Ukweli ni kwamba pale Tabea alikuwa akibadilisha kila siku, hakuwahi kulisema mara mbili.

"Hapo sikumbuki, mama."

Picha iliendelea. Mama mkwe, macho yakiwa kwenye kioo, akasema kitu kwa Kimeru, lugha ya kwao, chini chini, puani kidogo. Kimeru changu ni kibovu, Tabea alikuwa akinicheka. Nikamuuliza amesemaje.

"Nimesema, wewe mzee, kama umeshindwa na kitu kidogo hivi, kalale." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Ndivyo alivyokuwa akimwambia baba yake wakicheza bao. Akiwa mdogo, amesimama juu ya stuli."

Paka alikuwa anajiandaa kuruka tena. Mama mkwe alinigeukia, akanisubiri.

Nikamjibia paka. Akamjibu, kwa Kimeru, nami sikuuliza maana. Tukaenda hivyo mpaka kanda ikaisha.